Meya Akimaliza Kumwaga Sera, Muulizeni Basi Linasimama Wapi

Najua nimepotea. Mitihani ilinibana, nikaenda nyumbani, nikarudi chuo nikakuta kazi za darasani zimepangana kama magunia ya kahawa. Basi leo nimepata upenyo, na nina dukuduku ambalo naomba nilitoe kabla halijanichacha tumboni.

Dukuduku lenyewe ni hili: sisi Watanzania tunampima mgombea kwa mdomo. "Jamaa anaongea bwana!" Ukiuliza ameongea nini, unaangaliwa kama umetumwa na wapinzani wake. Na msidhani nawasema wazee wa vijijini tu. Hata sisi wasomi, kwenye chaguzi za serikali ya wanafunzi, anayepita ni yule anayepanda jukwaani na misamiati ya kutisha na vichekesho viwili vitatu. Tunapiga makofi, tunapiga miluzi, tunampa kura. Wiki mbili baadaye tunaulizana hivi yule aliahidi nini.

Sasa mniwie radhi, mimi sisemi kuongea si muhimu. Nasoma ualimu, mdomo ndio jembe langu. Ninachobisha ni aina ya kuongea tunakoshangilia.

Septemba 2025 nilikuwa nyumbani Kanazi, wilaya ya Ngara. Kwa wasiopajua, kule ni vilima na migomba, halafu njia nyingi za kuingia vitongojini ni za udongo, mvua ikinyesha pikipiki inateleza kama sabuni. Kampeni zilikuwa zimepamba moto. Mgombea udiwani mmoja (simtaji, na chama chake sikitaji) alifanya mkutano, mimi sikwenda. Jioni akaja baba mdogo, ambaye anaendesha bodaboda, kwa hiyo nikajua leo napata nondo za uhakika.

"Shikamoo baba. Mkutano ulikuwaje?"

"Marahaba mwanangu. Yule mtu anaongea, sijapata kuona! Watu walicheka mpaka machozi."

"Kuhusu barabara alisemaje?"

"Alisema atazileta."

"Zipi?"

Akakuna kichwa. "Barabara, mwanangu. Barabara ni barabara."

Jamani! Huyu ni mtu anayekula kwa pikipiki. Anajua kila shimo kwa jina, anajua ni kalavati gani likizidiwa na maji itabidi azunguke kilima kizima na nauli iwe ile ile. Kwake yeye barabara siyo barabara tu. Lakini mzungumzaji mzuri alimchekesha hadi akasahau kuuliza.

Na siyo mambo ya mzaha haya. Usiku wa mvua, mama mwenye uchungu wa kuzaa anakalishwa katikati, dereva mbele, shangazi nyuma amemkumbatia, pikipiki moja, taa moja. Trafiki akiwakuta atasema mmepakia mishikaki. Sisi tunaita ambulensi. Mkoa wetu wa Kagera unajua bei ya usafiri mbovu. MV Bukoba ilizama 21 Mei 1996 na mamia ya watu wakapotea. Wazee wetu wanasimulia mabasi yalivyokuwa yakisindikizwa na askari wenye bunduki kwenye misitu ya Biharamulo kwa sababu ya majambazi. Mtu wa kwetu akiuliza habari za usafiri hatafuti anasa.

Turudi kwenye mdomo. Wenzangu wa ualimu mnakumbuka mazoezi ya kufundisha. Unaweza kuingia darasani na sauti ya redio, wanafunzi wakakupenda, wakacheka, kengele ikalia. Msimamizi amekaa dawati la nyuma na fomu yake. Hakuulizi kama walicheka. Anataka andalio la somo: lengo mahsusi ni lipi, zana ziko wapi, hatua zinafuatanaje, na utajuaje kwamba wameelewa. Na hapo ndipo wengi tunapotoka jasho, pale anaponyoosha kidole na kusema "hebu mwalimu, nieleze hapa." Mgombea naye angesimamiwa hivyo hivyo. Hotuba ya nusu saa ningempa maksi chache tu, kwa sababu hotuba inaweza kuandikwa na mtu mwingine, ikakaririwa. Maksi nyingi ningeziweka kwenye kujibu. Huwezi kudesa jibu la swali ambalo hukujua litaulizwa.

Mtaniambia, wewe unaongelea udiwani, kichwa cha habari kinasema meya. Ndiyo, nafika. Tatizo letu Tanzania ni kwamba meya hatumchagui sisi. Tunachagua diwani, halafu madiwani wanajifungia ukumbini wanamchagua meya kutoka miongoni mwao. Kule Ngara hatuna meya, tuna mwenyekiti wa halmashauri, lakini utaratibu ni huo huo. Maana yake ni kwamba mtu anayetaka kuongoza jiji zima halazimiki kusimama hata siku moja mbele ya abiria na kuwaambia atafanya nini na vituo vyao. Anawaongelesha madiwani, na zaidi anaongea na chama chake.

Mfano mzuri ni Dar es Salaam mwaka 2016. Uchaguzi wa Meya wa Jiji uliahirishwa mara kadhaa, pale Karimjee pakawa na vurugu, na mabishano makubwa yalikuwa nani ana haki ya kupiga kura na nani hana. Mwishowe, 22 Machi 2016, Isaya Mwita wa Chadema akashinda. Sasa kumbukeni ni kipindi gani hicho. Mabasi yaendayo haraka yalikuwa mlangoni, yalianza kubeba watu Mei mwaka huo huo, kutoka Kimara kwenda Kivukoni, na matawi ya Gerezani na Morocco. Yaani mabadiliko makubwa ya usafiri wa jiji lile yanaingia, na uchaguzi wa meya wake unaendeshwa kwa ugomvi wa orodha ya majina! Abiria wa Mbagala, abiria wa Gongo la Mboto, ambao njia yao ilikuwa haijafikiwa, walikuwa na haki ya kusikia wagombea wakiulizwa: na sisi lini, na daladala zetu zitakwenda wapi?

Kuna mtu atanijibu kwamba hata wangeulizwa, DART ni wakala wa Serikali Kuu, siyo wa meya. Sawa kabisa, na hapo umenisaidia. Swali la kwanza kwa mgombea yeyote anayeahidi usafiri liwe: hicho unachoahidi ni cha kwako? Kwa sababu barabara kuu ni za TANROADS, barabara za vijijini na mitaani tangu 2017 ni za TARURA, leseni za mabasi ni LATRA, mkurugenzi wa halmashauri anateuliwa na Rais. Kinachobaki mikononi mwa halmashauri si kidogo, lakini si barabara ya lami ya kilomita mia. Ni stendi, maegesho, sheria ndogo, ushuru, na sauti ya kubana hao wengine kwenye vikao. Stendi kubwa ya Mbezi Luis iliyofunguliwa Februari 2021 na kuchukua nafasi ya Ubungo ilikuwa mradi wa halmashauri ya jiji. Stendi ikihamishwa, maisha ya mama ntilie, wapiga debe na abiria wa mikoani yanahama nayo. Hilo ni jambo la meya, na ndilo nisilowahi kumsikia mgombea akibanwa nalo.

Halafu tazama kilichofuata: siku chache baada ya stendi ile kufunguliwa, hapana, siku ile ile ya 24 Februari 2021, Rais Magufuli alitangaza kuivunja Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam na Ilala ndiyo ikawa jiji. Unaona ukubwa wa cheo chenyewe!

Waganda wao walimchagua Meya wao wa Kampala kwa kura za wananchi mwaka 2011, Erias Lukwago, mwanasheria, mdomo kama wembe. Lakini sheria ya KCCA ya 2010 ilikuwa imeshaweka utendaji wote kwa mkurugenzi mtendaji anayeteuliwa na Rais. Matokeo yake ni miaka ya mivutano. Mdomo upo, funguo za ofisi anazo mwingine.

Wakenya wakaenda mbali zaidi. Tangu 2013 Nairobi haina meya wa kuchaguliwa na madiwani, ina gavana anayepigiwa kura na wananchi moja kwa moja, mwenye bajeti yake. Kwa hiyo mtu wa karibu ungesema tatizo limeisha. Mwaka 2017 akashinda Mike Sonko. Jamaa yule alikuwa anaongea lugha ya kijiweni, Sheng safi, watu wa mitaani walimpenda kweli kweli. Lakini 3 Desemba 2018 serikali yake ilizuia matatu kuingia katikati ya jiji. Asubuhi ile watu walitembea kwa miguu, wajawazito, walemavu, wazee, kwa sababu vituo walivyopangiwa vilikuwa mbali na hakuna aliyewapangia namna ya kumalizia safari. Kabla siku mbili hazijaisha zuio likasitishwa. Mimi simlaumu kwa kutaka kupunguza msongamano, Nairobi imejaa kweli. Ila mtu aliyejua kuongea na umati hakuwa na jibu la swali dogo kabisa la mama mmoja aliyeshushwa pembeni ya mji: kutoka hapa nafikaje?

Ukitaka mfano wa upande wa pili, nenda London. Ken Livingstone alipogombea umeya mwaka 2000 alisema waziwazi kwamba atawatoza wenye magari wanaoingia katikati ya jiji. Hebu fikiria, unaomba kura kwa kuahidi tozo! Akashinda, 17 Februari 2003 tozo ikaanza, pauni 5 kwa siku, na pato lake likatakiwa kisheria kuingia kwenye usafiri. Mwaka 2004 wakamchagua tena. Watu walijua kabla ya kura anachotaka kufanya, kwa nani, na hela inakwenda wapi.

Na Bogotá, Colombia, ambako nako kuna mabasi kama yale ya DART. Meya Enrique Peñalosa alianzisha TransMilenio Desemba 2000. Mwaka 2007 akagombea tena, akabwagwa na Samuel Moreno aliyewaahidi watu treni ya jijini. Treni inasikika tamu kuliko basi, nani atabisha? Moreno akaondolewa madarakani 2011, baadaye akafungwa kwa rushwa ya mikataba ya jiji, na treni hakuiacha. Sitaki kusema Peñalosa ni malaika, wapo wanaomlalamikia mpaka kesho. Nasema tu wapiga kura wale walisikia ahadi tamu kuliko walivyosikia mahesabu.

Kwa hiyo mimi napendekeza nini? Kabla madiwani hawajapiga kura ya meya au mwenyekiti, wagombea wapelekwe stendi. Ndiyo, stendi, siyo ukumbini. Saa kumi na mbili jioni, abiria wamejaa. Hotuba dakika tano tu, halafu maswali saa nzima, kutoka kwa konda, mwanafunzi anayekataliwa kwenye daladala kwa sababu nauli yake ni ndogo, mama wa mzigo wa ndizi, mtu wa baiskeli ya magurudumu matatu. Hakuna sheria ninayoijua inayokataza mtu kujibu maswali. Vyama vikigoma, basi redio za jamii ziwaite. Ngara redio zinasikilizwa mpaka shambani.

Rafiki yangu mmoja wa hapa bweni amenipinga. Anasema nitawaonea wapole, watu wenye akili ya kupanga lakini wakipewa kipaza sauti wanatetemeka. Nimelifikiria sana hilo, maana nina mwalimu wa hesabu wa sekondari alikuwa hivyo hivyo, anaongea anaangalia ubao, na ndiye aliyetufaulisha. Lakini naona ni kinyume. Mpole anaonewa na hotuba, siyo na swali. Muulize kalavati lile linahitaji nini, atasema kwa sauti ndogo: linahitaji bomba la upana huu, kifusi cha moramu malori kadhaa, TARURA wameliweka au hawajaliweka kwenye mpango wa mwaka huu, nitalisemea kikao kijacho. Sauti inatetemeka, jibu limenyooka. Na yule bingwa wa vichekesho muulize hilo hilo uone kama hataanza kuwasalimia akina mama upya.

Na kwa Kanazi tusiombe mabasi yaendayo haraka, tutachekwa. Mimi orodha yangu ingeanza na njia za kufika zahanati kupitika masika, halafu vijiwe vya bodaboda viwe na kibanda cha kujikinga mvua, halafu nauli za usiku zikubaliwe na zibandikwe, siyo kupatana na mtu ambaye mgonjwa wake anakoroma. Mwingine atapanga tofauti, ataanza na mchomoko wa kwenda Ngara mjini unaosubiri ujae mpaka watu wakae kwenye buti. Sawa, tubishane. Ila tubishane na mgombea akiwepo, akitaja ataanza na lipi na ataacha lipi, kwa sababu hela za halmashauri hazitoshi vyote na yeye anajua hazitoshi.

Wa Karagwe, wa Biharamulo, wa Muleba mlioko hapa chuoni, kwenu mwenyekiti wa halmashauri alipochaguliwa mlisikia chochote kuhusu stendi? Nataka kujua kweli. Mimi nakimbilia kipindi cha saa nane, mhadhiri wetu mlango anafunga.