Gorogoro na Bureti

Siku ya soko hapa Mautuma, mnunuzi wa mahindi hahitaji cheti cha shule ili atambue kwamba anaibiwa. Hulichukua kopo la gorogoro, huligeuza, kisha hupitisha kidole ndani. Akikuta kitako kimegongwa kwa nyundo kikaingia ndani, humrudishia mwenyewe kwa maneno yasiyofaa kuandikwa katika kitabu cha wanafunzi. Gorogoro kwa desturi ni kilo 2 za mahindi. Kitako kikibonyea, jina hubaki lile lile na bei hubaki ile ile, ila mahindi hupungua. Hapana mtu sokoni atakayemtetea mwenye kopo la namna hiyo, hata miongoni mwa wale ambao makopo yao wenyewe hayapendi kugeuzwa.

Nimelitaja kopo hilo kwa sababu ya karatasi moja. Kila mwaka vijana wachache wa kwetu huingia vyuo vya Kakamega, Eldoret na Bungoma kusoma taaluma zinazoanza na kemia ya jumla: kilimo, famasia, uhandisi, ualimu wa sayansi. Siku ya kwanza ya somo mhadhiri huwapa karatasi ya kanuni. Likizo ikifika, huja nayo nyumbani kama hati ya mashtaka, huwasomea wazazi mstari kwa mstari. Na wazazi, watu wale wale wageuzao gorogoro sokoni, hutikisa vichwa wakasema kwamba wahadhiri wa siku hizi hawana huruma. Mimi nasema karatasi ile ni ya haki, na mstari unaochukiwa kuliko yote ndio wenye haki kupita yote.

Karatasi hizo hutofautiana chuo kwa chuo, lakini kiini chake ni kimoja. Mwanafunzi ahudhurie masomo. Vyuo vingine hutaka theluthi mbili, vingine robo tatu, na aliyepungukiwa hakubaliwi kuingia chumba cha mtihani. Katika vyuo vikuu vingi vya umma kazi ya muhula huwa na alama 30 katika 100 na mtihani wa mwisho 70, na asiyefika 40 hakufaulu. Maabarani aje na koti jeupe, viatu vinavyofunika vidole, na miwani ya kukinga macho. Ripoti iletwe siku iliyotajwa. Vipimo viandikwe kwa wino, papo hapo, katika daftari, wala si katika kipande cha karatasi. Kosa likatwe kwa mstari mmoja ili lizidi kusomeka, lisifutwe. Na kila mmoja aandike alichokiona yeye, si alichokiona mwenziwe.

Juu ya koti na miwani sitabishana na mtu. Asidi kali ya salfuriki ikimiminiwa maji huchemka ghafula ikaruka. Ndiyo maana hufundishwa kwamba asidi ndiyo imiminwe katika maji, kidogo kidogo, huku ikikorogwa. Kanuni hiyo haikutungwa na mtu mwenye kisirani. Iligharimu macho ya watu.

Juu ya mahudhurio husemwa: sisi ni watu wazima, karo tumelipa, tusipokuja hasara ni yetu. Laiti ingekuwa yao peke yao! Mfamasia aliyekosa masomo ya kupima dawa hatadhurika yeye. Atadhurika mgonjwa ambaye hakumwona kamwe wala hakujua kwamba siku ya somo lile alilala hadi saa nne. Tena maabara haiazimiki. Maelezo ya mhadhiri waweza kuyanakili kwa rafiki jioni, lakini ile nukta moja ambapo tone la mwisho hugeuza rangi ya maji yote katika chupa, hiyo hainakiliki.

Malalamiko ya ripoti zinazochelewa, nakiri, yana haki kidogo ndani yake. Mtoto wa tajiri anayelala mita 100 kutoka maabarani, na mtoto wa kwetu anayesafiri kwa matatu katika mvua ya Aprili, hawakimbii mbio moja. Mhadhiri mwenye busara atauliza kabla ya kukata alama. Hayo nayaacha hapo, kwa kuwa ugomvi wenyewe uko mahali pengine.

Ugomvi uko katika ule mstari wa mwisho. Nimesikia ukishambuliwa kwa hoja ambayo kwa sura yake inapendeza. Husemwa kwamba sisi ni watu wa kusaidiana. Tumejenga shule zetu kwa harambee. Baba zetu na babu zetu waliopewa mashamba huku Lugari katika mipango ya makazi ya miaka ya 1960 walilimiana na kuvuniana. Iweje leo mtoto akatazwe kumpa mwenziwe tarakimu mbili tatu? Wasemaji huendelea kusema kwamba huo ni uchoyo wa kigeni uliovishwa joho la elimu.

Hoja hiyo inachanganya mambo mawili. Karatasi haikatazi wanafunzi kusaidiana. Waketi usiku pamoja, wafundishane kupiga hesabu za moli, wagombane juu ya jibu hadi wapatane. Kinachokatazwa ni kutoa ushahidi wa jambo ambalo shahidi hakuliona. Baraza la wazee wa kwetu likikaa kuamua kesi ya mpaka wa shamba, shahidi anayesema "nimeambiwa na fulani" huambiwa aketi, aitwe huyo fulani. Hapana mzee anayeita utaratibu huo uchoyo. Harambee hujenga nyumba; haijapata kumwonea mtu kwa macho yake.

Nitasema niliyoyatenda mwenyewe, nisije nikaonekana mtakatifu. Katika shule niliyosoma, ambayo sitaitaja, tulikuwa na bureti chache na wanafunzi wengi. Siku ya mtihani wa majaribio tulipewa zoezi la kupima nguvu ya alkali kwa kuidondoshea asidi. Bureti yangu ilisoma sentimita za ujazo 21.3. Nikarudia: 21.3. Kwa upande wa pili wa chumba tayari ulikuwa umepita mnong'ono kwamba mwalimu alipofanya zoezi lile asubuhi alipata 24.8. Nikachukua kifutio. Niliandika 24.8, kisha 24.7, kisha 24.8 tena, ili ionekane kwamba mkono wa binadamu ulihusika. Nilipata alama zote za sehemu ile. Baada ya siku chache fundi wa maabara aligundua kwamba chupa ya alkali ya meza yetu ilikuwa imeoshwa na kujazwa kabla ya maji kumwagwa yote. Alkali yetu ilikuwa imezimuliwa. Bureti ilisema kweli mara mbili, nami nikaisingizia mara tatu.

Msomaji aliyefanya kemia ya KCSE atajua mnong'ono ule ulitoka wapi. Katika karatasi ya tatu ya somo hilo, ambayo ni ya vitendo, mwalimu hulifanya zoezi kwanza, na tarakimu yake hupelekwa iwe kipimo cha shule. Usahihi wa mtahiniwa hupimwa kwa kulinganishwa nayo. Nia ni njema kabisa, maana kemikali za shule hii si sawa na za shule ile, na si haki mtoto aadhibiwe kwa tofauti ya chupa. Lakini kipimo hicho kikivuja, mtihani hugeuka kichwa chini miguu juu: aliyetazama bureti kwa uaminifu hushindwa, na aliyetega sikio hushinda. Hapo ndipo mwanafunzi anapojifunza, kabla hajafika chuo, kwamba chombo ni pambo na jibu liko kwa wakubwa. Kwa hiyo akikutana na karatasi ya mhadhiri huona amefanyiwa hila. Amezoeshwa mchezo mmoja miaka minne. Mwaka wa tano anaambiwa mchezo ule ni wizi.

Wala tusijidanganye kwamba hilo ni la shule moja. Tuna hata jina la kile kijikaratasi cha kuibia mtihani, mwakenya, na jambo lililopewa jina la mzaha limekwisha zoeleka. Matokeo ya KCSE ya mwaka 2015 ya watahiniwa 5,101 yalifutwa kwa udanganyifu. Mwaka ule alama ya A ilipatwa na watahiniwa zaidi ya 2,600. Mwaka 2016, ulinzi wa mitihani ulipokazwa, ilipatwa na 141. Watu bado hubishana kama sababu ilikuwa ulinzi tu au pia namna ya kusahihisha. Na wabishane. Mimi nayaangalia makumi ya maelfu ya wazazi waliochinja kuku mwaka wa kwanza na kununa mwaka wa pili, nikijiuliza ni wangapi waliuliza bureti ilisoma nini.

Kwa nini basi tarakimu moja isiyolingana na kitabu iwe na thamani hata itetewe hivi? Miaka ya 1890 Mwingereza mmoja, Lord Rayleigh, alikuwa akipima uzito wa naitrojeni. Ile aliyoipata kwa kuondoa oksijeni katika hewa ilikuwa na uzito wa gramu 1.2572 kwa lita. Ile aliyoitoa katika misombo, kama amonia, ilikuwa gramu 1.2505. Tofauti ni kama nusu ya sehemu moja katika 100. Mwanafunzi wetu angeifuta bila kusita, naye mwalimu angemsifu kwa unadhifu. Rayleigh hakuifuta. Alirudia, akarudia tena, tofauti ikabaki pale pale. Akaitangaza hadharani na kuwaomba wenzake wamsaidie kuielewa. (Hiyo nayo ni harambee, na ya kweli.) Mwaka 1894 yeye na William Ramsay walitangaza kwamba katika hewa mlikuwa na gesi ambayo hapana aliyeijua, arigoni, karibu sehemu moja katika kila 100 za hewa tunayoivuta. Mabilioni ya watu walikuwa wameivuta. Kilichoifichua ni mtu kukataa kusahihisha daftari lake ili lifanane na matumaini yake.

Wako watakaosema kwamba arigoni ni ya Waingereza na haipandwi Mautuma. Haya, tuje shambani. Mkulima wa kwetu hupanda mahindi kwa mbolea ya DAP mwaka baada ya mwaka. Amonia iliyomo hubadilishwa na bakteria wa udongoni kuwa naitreti, na katika mabadiliko hayo asidi huzaliwa. Udongo ukizidi kuwa na asidi, kipimo cha pH kikashuka chini ya 5.5 hivi, alumini iliyokuwa imelala katika udongo huyeyuka ikadhuru mizizi, na fosforasi ile ile iliyonunuliwa kwa fedha hufungwa isifikiwe na mmea. Mkulima huona mahindi yamedumaa, naye huongeza mbolea. Pengine dawa ilikuwa chokaa. Ni nani atakayemwambia? Kijana aliyeketi maabarani na sampuli ya udongo, anayesoma 5.1 au 5.9. Tarakimu hizo zaonekana jirani, lakini katika kipimo hicho kila hatua moja kamili ni mara kumi, na kati ya hizo mbili asidi imezidi zaidi ya mara sita. Kama kijana huyo alifundishwa kunakili kipimo cha jirani, mkulima amenunua uvumi wenye muhuri wa maabara.

Hiyo si hofu ya kubuni. Mwaka 2024, msimu wa kupanda, ilibainika kwamba baadhi ya magunia yaliyouzwa kwa wakulima wa Kenya katika mpango wa mbolea ya ruzuku hayakuwa na virutubisho vilivyoandikwa nje. Serikali ilisimamisha uuzaji wake na kuahidi fidia. Gunia lile na gorogoro iliyobonyezwa ni ndugu wa baba mmoja. Ila kitako cha gunia hakifikiwi kwa kidole. Huko hufikia bureti na mizani tu, na mtu anayeziamini kuliko anavyomwogopa mkubwa wake.

Nikiisha kuitetea karatasi, nina neno kwa waliyoiandika. Chuo kinachodai mwanafunzi aandike alichokiona kinadaiwa kumwonyesha kitu cha kuona. Wanafunzi wanane wakizunguka bureti moja, mmoja husoma na saba huandika alichotamka. Huo ndio unakili ule ule, safari hii kwa amri ya ratiba. Kemikali zikiisha katikati ya muhula, na zoezi likageuka kuwa picha ubaoni, basi kosa la kubuni vipimo limegawanyika, na fungu kubwa si la mwanafunzi. Sioni katika karatasi hizo mstari unaosema chuo kitapoteza alama ngapi kisipoleta vyombo kwa siku iliyotajwa. Ningependa kuuona, nao kwa wino.

Likizo iliyopita kijana mmoja jirani yangu alinionyesha daftari lake la maabara. Katika ukurasa mmoja aliandika 23.9, akaikata kwa mstari mmoja, na pembeni yake akaandika: "Nilichelewa kufunga koki, rangi ilipita." Chini yake zilifuata 23.1 na 23.2. Mhadhiri alikuwa amempa alama 8 katika 10. Baba yake, aliyekuwa ameketi nasi, hakukasirishwa na zile mbili zilizopotea. Alichotaka kujua ni kwa nini mtoto amejishtaki mwenyewe, ilhali angeweza kuirarua karatasi na kuanza upya, na hapana ambaye angejua. Tulibishana naye hadi taa ikawashwa, wala hatukupatana.