Nionyeshe Kichupa

Juzi asubuhi msikilizaji mmoja alituma ujumbe kwenye kipindi cha redio akiuliza atapataje kliniki ya kuaminika ya mbwa wake hapa Dar es Salaam. Mtangazaji akacheka. Mwenzake akacheka zaidi. Kisha likatoka jibu: mbwa naye anachaguliwa hospitali? Ita kijana wa mtaani amchome, elfu kumi, kazi imekwisha, sindano ni sindano. Wakaweka wimbo.

Hasira ya asubuhi ile haijanitoka. "Sindano ni sindano" nimeisikia Tabata, nimeisikia Mbagala, nimeisikia Mbezi Beach kwa watu wenye geti la umeme na magari mawili. Kwa hiyo tusisingizie umaskini. Ni imani ya watu walioamua kwamba afya ya mnyama haistahili kuulizwa swali hata moja. Nami nasema ni imani ya uongo, na inaua mbwa kwanza, watu baadaye.

Tuanze na kichupa. Chanjo ya mbwa hukaa kwenye kichupa kidogo cha kioo chenye lebo, na kwenye lebo kuna jina la chanjo, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Watengenezaji wanataka kitunzwe kati ya nyuzi joto 2 na 8 mpaka siku ya kutumika. Joto likizidi, chanjo zenye virusi hai vilivyodhoofishwa, kama ya parvo, hupoteza nguvu. Zile zenye virusi vilivyouawa, kama ya kichaa cha mbwa, nazo huharibika zikiganda. Na ubaya wa chanjo iliyoharibika ni kwamba mara nyingi kwa macho hutaijua. Hainuki, haimuumizi mbwa kuliko nzima. Mbwa anachomwa, kadi inagongwa muhuri, unalipa, unalala ukijua umemkinga.

Nieleze nilichokiona kwa jirani yangu. Ilikuwa saa saba mchana, mwezi wa Februari, na jua la Februari mnalijua. Kijana alifika kwa bodaboda, koti jeupe limekunjwa ndani ya begi la mgongoni. Akafungua zipu ya mbele, palipokuwa na chaja ya simu na mswaki, akatoa vichupa vilivyoviringishwa kwenye gazeti. Barafu hakuna. Nikaomba nishike kimoja. Kilikuwa na uvuguvugu. Nilipomuuliza, alinijibu kwa adabu kabisa: "Mzee, usiwe na wasiwasi, hizi nimezitoa kwenye friji asubuhi." Asubuhi! Watoto wawili wa mbwa wakachomwa palepale barazani. Hakuwapima uzito, hakuwapima joto, hakuwafunua fizi, hakuuliza kama wanakula au wanaharisha. Kadi za chanjo hakuwa nazo. Alisema angezileta Jumamosi, na hatukumwona tena.

Masika hayajaanza, mmoja akaanza kutapika na kuharisha damu, kwa harufu ambayo aliyewahi kuuguza parvo haisahau. Akafa. Wa pili akafuata. Na jirani yangu, mtu mzima mwenye akili zake, akanitamkia: "Hizi chanjo hazisaidii kitu." Hapo ndipo ninapotamani kupiga kelele. Mwenye begi ameua mbwa wawili, na lawama imebebeshwa chanjo.

Basi ukiniuliza nachaguaje kliniki, nakujibu: friji. Vigae vinavyong'aa havinihusu, wala picha ya jamani shepadi ukutani, wala televisheni ya kwenye chumba cha kusubiria. Omba kuonyeshwa friji. Tazama kama ni ya chanjo peke yake au imechanganywa na soda na samaki wa chakula cha jioni. Tazama kama kuna kipimajoto ndani na karatasi mlangoni ya kuandikia joto la asubuhi na jioni, na kama karatasi hiyo imeandikwa leo. Kisha uliza: umeme ukikatika, mnafanyaje? Daktari anayeijua kazi yake atafurahi kuulizwa, maana hilo ndilo linalomkosesha usingizi. Atakueleza habari ya jenereta, au betri za sola, au vifurushi vya barafu na kisanduku chake. Atakayenuna, mshukuru, mchukue mnyama wako, uondoke.

Na kuhusu umeme nina langu la kusema. Tumejengewa bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, tukaimba, tukapiga makofi, na bado mtaani kwetu unaweza kukatika saa nne asubuhi ukarudi magharibi bila mtu kutoa taarifa. Mwenye saluni atalalamika, mwenye samaki atalalamika, na wana haki. Chanjo haina wa kuilalamikia, kwa sababu hasara yake haionekani siku hiyo.

Najua atatokea msomi wa kuniambia kuna utafiti ulioonyesha kwamba chanjo fulani ya kichaa cha mbwa ilikaa miezi 6 kwenye nyuzi joto 25 na bado ikafanya kazi. Upo, na nchi hii imo ndani yake. Lakini ilikuwa chanjo ya aina moja, joto likifuatiliwa na wataalamu. Nyuzi 25 ni chumba chenye kivuli kizuri. Begi juani Februari si hivyo. Na utafiti huo hausemi lolote kuhusu parvo. Msimpe mwenye begi kinga ya utafiti ambao hajapata kuusikia.

Baada ya friji, namba. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inamtaka daktari wa wanyama asajiliwe na Baraza la Veterinari Tanzania. Madaktari hao wamesoma miaka 5 chuoni, wengi wao Sokoine pale Morogoro. Bwana mifugo mwenye cheti au diploma namheshimu, kazi yake ni kubwa na ng'ombe wa nchi hii wanamjua, lakini hana ruhusa ya kupasua tumbo la mbwa wako mezani kwako eti kwa sababu ana wembe na ganzi. Uliza: wewe ni nani, namba yako ya usajili ni ipi? Swali hilo halina matusi. Mama anayekwenda Buguruni anageuza nyanya moja moja, anabonyeza, anarudisha iliyolegea, na muuzaji hakasiriki. Mama huyohuyo nyumbani anapokea sindano asiyoijua kutoka kwa mtu asiyemjua, kwa sababu tu amevaa koti.

Wapo watakaonijia na babu. Kila ukizungumzia kliniki, babu hakosi. "Babu yangu alikuwa na mbwa wanane, hakuna hata mmoja aliyekanyaga kliniki." Mwulize wale wanane walikufaje. Hajui! Anamkumbuka mmoja aliyezeeka. Wengine walikufa vichakani na kupe wao, hakuna aliyewahesabu. Na katika vijiji hivyohivyo vya babu zetu kulikuwa na watu waliofungiwa chumbani wakiogopa maji, wakafa kwa kichaa cha mbwa. Hao hawasimuliwi kwenye hadithi za babu na mbwa wake hodari.

Nimesema vya kutosha juu ya chanjo, lakini imani hiihii ndiyo inayojaza watu kwenye maduka ya dawa za mifugo, wanakoelezea ugonjwa dirishani na mnyama yuko nyumbani. Mbwa ana kupe, pewa antibiotiki ya OTC. Mbwa ana ukurutu, pewa ivamektini, dozi ya kukisia, kutoka kwenye chupa iliyotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe. Muuzaji hajui kama mbwa huyo ana kilo 8 au 30. Kliniki isiyo na mizani, au yenye mizani iliyowekewa maboksi juu, haina tofauti na dirisha hilo.

Wa kuhurumiwa zaidi ni paka. Mama mmoja wa mtaani kwetu alikuwa na paka aliyechechemea, akaambiwa dukani ampe nusu ya kidonge cha panado. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja dawa hiyo kama letu. Damu yake inashindwa kubeba hewa. Nilimwona paka yule jioni. Uso umevimba, fizi zimekuwa rangi ya kahawia, anahema mdomo wazi. Hakufika asubuhi. Ukikutana na mtu anayejiita daktari wa wanyama, mwulize kama paka anaweza kupewa panado. Akisema ndiyo, au akisema kidogo tu, hana haja ya kuulizwa la pili.

Na hao wanaouza watoto wa mbwa kwenye mataa! Kinyama cha wiki tano, macho yana tongotongo, kimeshikwa juu juu mbele ya kioo cha gari, na muuzaji anaapa kwamba "amemaliza chanjo zote." Hawezi kuwa amemaliza. Kinga aliyoipata kwenye maziwa ya mama inaweza kuizuia chanjo isishike, ndiyo maana chanjo za kitoto cha mbwa huanza kati ya wiki ya 6 na ya 8, zikarudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka wiki ya 16. Ukiingia kliniki na kitoto kama hicho, daktari wa kweli atakuambia muanze upya na atakupa tarehe za kurudi. Atakayekuambia sindano moja inatosha, amekuuzia anachojua unataka kusikia.

Ninapiga kelele hizi zote kwa sababu mwisho wa habari si mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka kwa kichaa cha mbwa, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote waliambukizwa na mbwa. Hapa Tanzania, makadirio yanayotajwa sana ni kama watu 1,500 kwa mwaka. Dalili zikishaanza, ni nadra mno mtu kupona. Watoto ndio wanaong'atwa zaidi, kwa sababu ndio wanaocheza na mbwa.

Sasa weka kadi ya uongo katikati. Mtoto ameng'atwa, mwenye mbwa anakuja mbio na kadi mkononi: "Tulieni, mbwa wetu amechanjwa." Wazazi wanatulia. Wanapaka pilipili au mafuta ya taa kwenye jeraha kama walivyoelekezwa na jirani, wanasubiri. Kadi ile ilijazwa na mtu wa begi, kwa chanjo iliyozungushwa juani mchana kutwa.

Kwenye kadi inayostahili kuitwa kadi, daktari hubandua stika ya kichupa kilekile alichokichoma akaibandika mbele yako, ikiwa na namba ya toleo, kisha anaandika tarehe, jina na namba yake ya usajili. Ulipie hiyo, uidai, usitoke mlangoni bila hiyo. Hata kwenye kampeni za chanjo ya kichaa cha mbwa za Septemba, foleni iwe ndefu vipi, omba uone kichupa na kisanduku cha barafu. Na mtoto akishang'atwa, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, muende hospitali siku hiyohiyo, kadi iwe na stika au isiwe nayo. Mwenye mbwa akiendelea kuwapungia kadi yake, mwambieni aje nayo hospitalini, mganga ndiye atakayeisoma.