Simu ya Mama, Mikono ya Mtoto

Pita vichochoro vya Mji Mkongwe baada ya alasiri, kutoka Darajani kwenda Malindi. Barazani utawakuta watoto watatu wanne wameinamia simu moja, vichwa vimegusana kama kuku wanaodonoa mchele. Simu ni ya mama, na mama yuko jikoni. Ukiuliza nywila, atakayekujibu ni yule mdogo kuliko wote.

Ndugu zangu wa Unguja, ushauri mwingi unaotufikia juu ya kuwalinda watoto mtandaoni umeandikwa kwa ajili ya nyumba ambazo kila mtoto ana simu yake. Kwetu mtoto huazima. Kwa hiyo kabla ya kuuliza programu ipi ni nzuri, tuulize: simu ni ya nani?

Ikiwa ni yako, anza kwa kubadilisha nywila, na usiweke mwaka wako wa kuzaliwa; wanaujua. Kisha mtilie YouTube Kids badala ya YouTube ya wakubwa. Simu za Android tangu mwaka 2014 zina uwezo wa kubana programu moja kwenye kioo: utaukuta kwenye mipangilio, upande wa usalama. Ukishaibana, ukachagua nywila iombwe kabla ya kuiachia, mtoto anaangalia katuni yake na hatoki humo mpaka uje wewe na nywila yako. Na kama simu yako ni Android 9 au ya baadaye, nenda kwenye mipangilio ya mtandao, tafuta DNS ya faragha, uandike family.cloudflare-dns.com. Tovuti nyingi za ngono zitafungwa kwenye simu nzima, kwa bando hata kwa waifai ya jirani. Hulipi hata senti. Baba akilalamika kwamba kuna kitu hakifunguki, ajieleze.

Mtoto mwenye simu yake mwenyewe ana njia nyingine. Family Link ya Google ni ya bure: wewe kwa simu yako unakubali au unakataa programu anayotaka kuishusha, na unapanga saa ya simu kulala. Wenye iPhone wanacho kifaa kama hicho ndani ya simu tangu 2018.

Zipo na programu za kulipia zinazojigamba kwamba zitakusomea kila ujumbe wa mwanao kwa siri. Mimi nasema msizinunue. Mwaka 2018 programu moja ya Marekani, TeenSafe, iligundulika imeacha maneno ya siri ya akaunti za maelfu ya watoto wazi kwenye seva zake. Mzazi alilipa ili mwanawe alindwe, akaanikwa.

Lakini hata programu njema haimsikii mtu anayemwandikia mtoto ndani ya mchezo. Utafiti wa UNICEF, ECPAT na INTERPOL uliotolewa 2022 kuhusu Tanzania ulikuta kwamba angalau asilimia 4 ya watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti walifanyiwa udhalilishaji wa kijinsia mtandaoni ndani ya mwaka mmoja. Mmoja katika kila 25: chuo chenye watoto hamsini wa umri huo wanaotumia intaneti, wawili.

Hakuna mzazi hapa anayemwacha mtoto wa miaka sita aende sikukuu Mnazi Mmoja peke yake, nguo mpya mwilini na pesa mkononi. Anafuatana na kaka, au shangazi, na akirudi anaulizwa alikwenda wapi na nani alimpa hiyo pipi. Muulizeni vivyo hivyo juu ya simu, kwa sauti ileile, bila kumkaripia. Akikaripiwa mara moja, safari ya pili hasemi.

Mafundi wa simu wa Darajani, mnaaminiwa kuliko mnavyodhani. Mama akileta simu kutengenezwa kioo, mwonyesheni na namna ya kubana programu. Ni dakika mbili. Walimu wa skuli na wa chuo, litajeni jambo hili wazazi wanapokutana. Masheha, mna mikutano ya shehia, lisikose nafasi.

Na mtoto akishaguswa na jambo baya, msilifiche kwa kuogopa aibu. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, iko upande wake. Simu ya msaada kwa watoto ni 116, Bara na Visiwani, na kupiga ni bure.