Kuta za Bweni na Tetemeko la Ardhi

"Ajali haina kinga," wasema wahenga, na kila ardhi itikisikapo wako wenzetu wanaolitoa neno hilo, kisha wakajifunika blanketi. Mimi naona methali hiyo haifai kwa tetemeko la ardhi. Siku yake hatuijui, maana hata wataalamu wenye vyombo vyao hawawezi kuitabiri. Lakini ukuta utakaotuangukia twaujua, kwa kuwa twalala kando yake kila usiku.

Nchi yetu ya Rwanda iko ukingoni mwa tawi la magharibi la Bonde la Ufa, lile linaloshuka toka Ziwa Albert, likapita Kivu mpaka Tanganyika. Huko pande mbili za Afrika zaachana polepole, milimita chache tu kwa mwaka. Mwamba huvumilia kuvutwa miaka na miaka, halafu siku moja hukatika, nasi tulio juu yake tukatikisika.

Jumapili tarehe 3 Februari 2008, asubuhi, tetemeko la kipimo cha 5.9 lilitokea karibu na Bukavu. Upande wetu, katika Rusizi na Nyamasheke, walikufa watu zaidi ya 30, na baadhi yao walikuwa kanisani wakisali jengo lilipowaangukia. Tena Mei 2021, baada ya mlima Nyiragongo kutapika moto, ardhi ya Goma na Rubavu ilitikisika siku kadhaa mfululizo, na nyumba nyingi za Gisenyi zikapasuka.

Najua wako watakaosema kwamba hayo ni ya watu wa Kivu, na sisi wa Kigali tuko mbali. Basi na watazame mashariki. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko lilipiga Bukoba, kule Tanzania, kando ya Ziwa Viktoria. Kipimo chake kilikuwa 5.9 vilevile. Watu zaidi ya 15 walikufa, na Shule ya Sekondari Ihungo, shule kongwe ya wamisionari kama yetu, iliharibika hata ikabidi ijengwe upya. Kigali iko katikati ya Bukavu na Bukoba. Tena lile la Bukoba lilitokea alasiri. Kila mtu na ajiulize ingekuwaje kama lingetokea saa nane za usiku, wanafunzi wamelala.

Wala si Afrika peke yake. Italia ni nchi yenye mali na wahandisi wengi, lakini tarehe 31 Oktoba 2002 shule ya San Giuliano di Puglia iliwaangukia watoto wakiwa darasani. Walikufa watoto 27 na mwalimu mmoja, na tetemeko lenyewe halikufika kipimo cha 6. Jengo hilo la zamani lilikuwa limeongezewa ghorofa juu yake, na kuta hazikustahimili.

Sasa tuje kwetu. Bweni letu kubwa lina mlango mmoja, nao hufungwa kwa kufuli upande wa nje saa nne za usiku. Madirisha yana vyuma. Juu ya ukuta wa mwisho, ile pembetatu ya matofali inayoshika paa ina ufa unaoingia kidole. Nimekaa hapa miaka sita, wala sijaona hata mara moja tukifundishwa la kufanya ardhi ikitikisika.

Nasikia majibu. Wa kwanza atasema kufuli ni kwa ajili ya wezi, na kwa ajili ya wale ndugu zetu warukao ukuta kwenda mjini. Ni kweli, nami nawajua; lakini komeo la ndani, likilindwa na kiranja, latosha kuwazuia wote. Wa pili atasema uhai wetu uko mikononi mwa Mungu. Hilo pia ni kweli, lakini yeye mwenyewe hulala ndani ya chandarua. Wa tatu atasema hakuna fedha.

Huyo wa tatu ndiye ninayemjibu hasa, na hapa nawageukia ninyi, kaka zetu mliosoma hapa. Twasikia mnachanga fedha za lango jipya lenye jina la shule. Twawashukuru kwa moyo huo. Lakini lango la zamani bado lafunga na kufungua. Fedha hizo zingeweza kutoboa mlango wa pili wa bweni, kuijenga upya ile pembetatu, na kuzungusha mkanda wa zege na nondo juu ya kuta zote ili zishikane pamoja. Hapa hapa mjini wako mafundi waijuao kazi hiyo.

Lisilohitaji fedha lianze muhula huu. Wajapani hufanya mazoezi kila mwaka tarehe 1 Septemba, kwa ukumbusho wa tetemeko la mwaka 1923. Nasi tufanye mara moja kila muhula: kuinama chini ya dawati imara, kufunika kichwa, kungoja mtikisiko upite, kisha kutoka bila kusukumana.

Mimi namaliza masomo mwaka huu, na kitanda changu kilicho chini ya ufa ule atapewa mtoto wa kidato cha kwanza. Kwa ajili yake naomba jambo hili lijadiliwe katika mkutano wenu ujao, kabla fundi wa lango hajalipwa.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita, Kigali