Mzigo wa Wengi Hauvunji Mgongo

Ndugu wapenda mageuzi, tukumbuke Machi 1992. Akina mama waliosusia chakula katika Uhuru Park, wakidai wana wao waliofungwa kwa sababu za kisiasa, walivamiwa na polisi. Wangari Maathai alipigwa hadi akazirai, akalazwa hospitalini. Je, madai yalizimika? La hasha! Akina mama walihamia Kanisa Kuu la All Saints, wakakesha humo miezi mingi, hata kufikia 1993 wengi wa wafungwa hao wakawa wameachiliwa.

Twasema wazi: kiongozi asiyepumzika wala kumwachia mwenzake kazi, hata akiugua, anaijenga nyumba juu ya nguzo moja. Hata Musa alishauriwa na Yethro augawe mzigo. Basi tupumzike kwa zamu, ili kazi isilale.