Mtoto Akiumia Sehemu za Siri: Madai Matano ya Kuacha

Mikese, kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam–Morogoro, mtoto asiyefikia pedali hupitisha mguu chini ya bomba la baiskeli ya baba na kuchapa mwendo. Akiteleza anaweza kuumia sehemu za siri, na ushauri wa majirani huanza kumiminika. Mwingi unaumiza zaidi.

“Anatoka damu, mpake jivu au spiriti.” Jivu huingiza uchafu kidondani, pengine na vijidudu vya pepopunda. Spiriti huunguza ngozi laini. Osha kwa maji safi, kandamiza kwa kitambaa safi dakika 10 bila kuchunguliachungulia. Damu isipokata, mkojo ukiwa na damu au ukigoma kutoka, nenda hospitali.

“Mkande kwa maji ya moto.” Siku ya kwanza joto huzidisha uvimbe. Weka kitambaa kilicholoweshwa maji baridi.

“Zipu imembana? Ivute upesi.” Utararua ngozi. Kata suruali kuizunguka zipu, umpeleke kituo cha afya ikiwa palepale.

“Korodani inamuuma? Ni ngiri tu, itatulia.” Dai hili ndilo la hatari kuliko yote. Korodani inaweza kujisokota na kukatiwa damu, hata mtoto akiwa usingizini. Maumivu huja ghafla, mara nyingi na kutapika, na korodani hupanda juu. Wengine kwa aibu husema tumbo ndilo linalouma, kwa hiyo mkague. Nafasi nzuri ya kuiokoa kwa upasuaji ni ndani ya saa 6 hivi. Dawa ya mizizi haiwezi kuisokotoa. Kwa gari, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Morogoro haifiki saa moja kutoka Mikese. Kungoja kukuche ndiko kunakoipoteza.

“Ni aibu, yaishe nyumbani.” Maelezo yasipolingana na jeraha, au mtoto akisema kuna mtu amemgusa, usimwogeshe wala usimbadilishe nguo. Mpeleke hospitali mara moja: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzishwa ndani ya saa 72. Toa taarifa Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au piga 116 bila malipo.

Mzazi, mfundishe mwanao kutaja viungo vyake bila kuona haya, na akikwambia anaumwa huko, msikilize siku hiyohiyo.