Faida ya Kunyonya Watu ni Mkopo, na Sisi Ndio Tunaoulipa

Wasee, kila msimu wa matokeo ya kampuni ukifika huwa tunatazama sinema ile ile. Kampuni inatangaza faida imepanda, mkurugenzi mkuu anapigwa picha akitabasamu, wenye hisa wanaahidiwa mgao mnono. Wiki hiyo hiyo unapatana na msee anayefanya kaunta kwa kampuni kama hiyo, anakuambia kandarasi yake ya miezi mitatu inaisha Ijumaa na hajui kama itaongezwa. Wewe mteja nawe umeshagundua ada imepanda, ama pakiti imepungua gramu na bei imebaki pale pale.

Ukiuliza, unaambiwa, "Hiyo ndiyo biashara."

Leo nataka kubishana na hiyo sentensi. Sisemi faida ni dhambi. Ninachosema ni kwamba shilingi iliyopatikana kwa kumbana mfanyakazi, mkulima ama mteja haifai kuandikwa kwa vitabu kama faida. Ni mkopo. Umekopa uvumilivu wa watu bila kuwauliza, na siku ya kulipa ikifika, anayelipa riba mara nyingi ni yule yule mwenye hisa uliyedai unamtetea.

Tuanze na upande wa mabosi, maana wana hoja. Mwaka 1970 mwanauchumi wa Marekani, Milton Friedman, aliandika katika The New York Times Magazine kwamba jukumu la kampuni kwa jamii ni kuongeza faida. Alisema meneja ni mwajiriwa wa wenye hisa, kwa hivyo akitumia pesa za kampuni kufanya wema wake, anatoa sadaka na mfuko wa mwenzake. Kusema ukweli, hapo ana pointi. Ukitaka kutoa sadaka, toa yako.

Tena kampuni isiyo na faida haiwezi kumtendea mtu yeyote haki. Kenya Airways ilipotangaza hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 26 mwaka 2016, si wenye hisa peke yao walioumia. Mwaka huo huo ilitangaza mpango wa kupunguza mamia ya wafanyakazi. Kwa hivyo mtu asikudanganye kwamba hasara ni rafiki ya mfanyakazi.

Lakini wanaopenda kumtaja Friedman huwa wanaruka nusu ya pili ya hoja yake. Alisema faida itafutwe ndani ya sheria za mchezo, kwa ushindani wa wazi, bila ulaghai. Na hata hiyo nusu ya kwanza haisemi ni faida ya lini. Ya mwaka huu? Ya miaka kumi ijayo? Hapo ndipo mambo huharibika, na hatuhitaji kwenda Marekani kutafuta mfano. Twende Mumias.

Mumias Sugar iliingia Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2001, na Wakenya wengi wa kawaida walinunua hisa. Mwaka 2012 ilikuwa bado inaripoti faida ya karibu bilioni 2. Mwaka uliofuata ikaingia hasara, na haikuinuka. Sababu zilikuwa nyingi: madeni, usimamizi mbaya, maneno mengi kuhusu sukari ya kutoka nje. Lakini angalia kilichotokea kwa mkulima, maana somo liko hapo.

Mkulima wa miwa anangoja karibu mwaka mmoja na nusu, wakati mwingine zaidi, ndio avune. Amepeleka miwa kiwandani, halipwi. Anangoja mwezi, anangoja msimu, karo ya watoto inangoja naye. Sasa huyu mtu utamlazimisha kukuletea tena kwa nini? Wengine wakauza miwa kwa viwanda vingine, wengine wakaing'oa wakapanda mahindi. Kiwanda kikaanza kukosa miwa, na mashine za mabilioni bila miwa ni vyuma tu. Septemba 2019 benki ya KCB ikaiweka chini ya mrasimu. Aliyekuwa na hisa zake akabaki na karatasi ambayo hawezi hata kuuza.

Kila mfugaji anajua hii hesabu. Ukimkamua ng'ombe bila kumlisha, wiki ya kwanza utafurahia, maana maziwa yapo na pesa ya lishe umebaki nayo. Ukiandika kwa daftari, inaonekana umepiga hatua. Shida iko kwa mwezi wa pili.

Nakumatt ilipita njia hiyo hiyo. Ile haikuwa kampuni ya soko la hisa, ilikuwa ya familia, lakini iliwahi kuwa na matawi zaidi ya 60 katika nchi nne za Afrika Mashariki. Ilipanuka huku wasambazaji bidhaa wakingoja malipo. Wakachoka, wakaacha kuleta. Unakumbuka zile rafu tupu za 2017? Mteja akiingia mara mbili akose unga na maziwa, mara ya tatu haji. Wafanyakazi nao wakakaa bila mshahara. Mwaka 2018 ikawekwa chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai wake wakapiga kura ifungwe, ikiwa na madeni ya zaidi ya bilioni 30. Kuchelewesha pesa za watu kulikuwa kumeonekana kama mtaji wa bure. Haukuwa wa bure.

Sasa mtu atasema, sawa, hizo ni kampuni zilizooza ndani kwa ndani, nionyeshe iliyomfaa mteja na bado ikapata pesa. Nakupa M-Pesa.

Machi 2020, korona ilipoingia, Benki Kuu ilitangaza kwamba kutuma shilingi 1,000 kushuka chini kutakuwa bila ada. Iliendelea hivyo hadi mwisho wa mwaka. Mwaka wa fedha ulioisha Machi 2021, mapato ya M-Pesa yalishuka kidogo, kutoka bilioni 84 hivi hadi bilioni 82 na kitu. Ungekuwa mwenye hisa wa kupiga kelele, ungepiga wakati huo. Januari 2021 ada zikarudi, lakini kwa pesa ndogo zikapunguzwa, na kutuma shilingi 100 kushuka chini kukabaki bure. Mwaka uliofuata mapato yakaruka hadi zaidi ya bilioni 107.

Siwezi kudai kupunguza ada peke yake ndiko kulikofanya hivyo. Ada zilikuwa zimerudi, na korona yenyewe ilitufanya tuogope kushika noti. Lakini watu walizoea kulipa hata mboga kwa simu kwa sababu ilikuwa nafuu, na mazoea yakizaliwa hayaondoki haraka. Mteja aliyetendewa haki alitumia zaidi, na mwenye hisa akala vizuri.

Tusiwafanye malaika pia. Ni kampuni hiyo hiyo iliyotuuzia kwa miaka bando zinazokufa usiku wa manane hata kama hujatumia nusu yake. Ilibidi malalamiko yapande na kesi ifunguliwe, ndipo Oktoba 2019 tukaletewa bando zisizo na tarehe ya kuisha. Na Safaricom haikuanguka kwa sababu hiyo.

Kuna ujanja mwingine ambao sisi watu wa mtandaoni tunafaa kuujua, maana unatugusa. Kampuni kubwa inataka kazi ifanywe kwa bei ya chini lakini haitaki jina lake likaribie mshahara huo. Kwa hivyo inaajiri kampuni nyingine, na hiyo ndiyo inaajiri watu. Wale waliokuwa wakichuja video za kutisha za Facebook hapa Nairobi walikuwa chini ya kampuni inayoitwa Sama. Mwaka 2022 jarida la Time liliripoti kwamba baadhi yao walikuwa wakipata kama dola moja na nusu kwa saa. Kazi yao ilikuwa kuangalia mauaji na unyama siku nzima ili mimi na wewe tusiuone. Mfanyakazi mmoja wa zamani, Daniel Motaung, alishtaki, na mwaka 2023 wengine zaidi ya 180 wakafuata. Meta ilijitetea kwamba haiwezi kushtakiwa hapa. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikasema inaweza. Ujanja wa kujificha nyuma ya kandarasi ulifika mahali ukagonga ukuta, na gharama ya mawakili na ya jina kuchafuka haikuwa kwenye hesabu wakati ule wanaita hiyo akiba.

Najua pia kuna mwenye biashara ndogo anasoma hapa akisonya. Ako na wafanyakazi watatu, kodi ya duka imepanda, ushuru umepanda, stima ni ghali, na huyu mtoto wa mtandaoni anamwambia alipe zaidi. Nakuskia, na siyo wewe ninayemlenga. Mtu aliyekosa ni tofauti na mtu aliyeamua. Ukiwa huna, kaa chini na watu wako uwaambie ukweli, wengi watavumilia. Kinachouma ni kampuni yenye mabilioni kumweka mtu kwa vibarua miaka mitano ili isimlipie marupurupu. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofika mwezi mmoja anahesabiwa ameajiriwa kwa mkataba wa mshahara wa mwezi. Wao wanajua. Wanategemea wewe usijue.

Na hapa ndipo ile "hiyo ndiyo biashara" inapoanguka kabisa. Sheria ya Kampuni ya Kenya ya 2015, kifungu cha 143, inamwambia mkurugenzi afanye kazi ili kampuni ifanikiwe kwa faida ya wenye hisa. Haiishii hapo. Inamwambia akiamua jambo azingatie matokeo ya muda mrefu, maslahi ya wafanyakazi, uhusiano na wasambazaji na wateja, athari kwa jamii na mazingira, na jina la kampuni. Hii si hotuba ya mwanaharakati. Ni sheria iliyopitishwa na Bunge letu. Mkurugenzi anayekuambia mikono yake imefungwa na wenye hisa amesoma mstari wa kwanza tu.

Halafu tujiulize, huyu mwenye hisa tunayesingiziwa ni nani? Tunamchora kama mzee mwenye sigara na gari refu. Wapo hao, na wana hisa nyingi kuliko sisi. Lakini ukiangalia payslipu yako utaona makato ya NSSF. Sehemu ya pesa hizo huwekezwa katika hisa za kampuni za hapa. Mifuko ya pensheni ya walimu, wauguzi na wafanyakazi wa benki hufanya vivyo hivyo. Safaricom ilipouza hisa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 5 kila moja, waliotuma maombi walizidi laki 8. Kwa hivyo kuna dada mahali fulani amebanwa kazini ili faida ipande, na faida hiyo inaenda kwa mfuko wa uzeeni wa kakake, ambaye pia amebanwa kwingine. Tunanyonyana sisi kwa sisi, halafu mabosi katikati wanalipwa bonasi kwa kuendesha shughuli.

Na huyu mwenye hisa wa pensheni hahitaji faida ya robo mwaka. Anahitaji kampuni ambayo itakuwa hai mwaka 2055 akistaafu. Maslahi yake na ya mfanyakazi yanakutana hapo kwa muda mrefu. Anayetaka kukamua haraka ni yule atakayeuza na kuondoka.

Kwa hivyo tufanye nini? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tudai daftari lote. Siku hizi kampuni nyingi za soko la hisa hufanya mkutano mkuu wa mwaka kwa njia ya simu, unajisajili ukiwa kwako na unatuma swali mapema. Hata ukiwa na hisa mia moja, swali lako lina haki ya kuulizwa. Mimi ningeuliza haya manne.

Kati ya watu wanaofanya kazi ndani ya kampuni hii kila siku, wangapi ni wa kandarasi fupi ama wameajiriwa kupitia kampuni nyingine?

Mkulima ama msambazaji akileta mzigo, analipwa baada ya siku ngapi, na mwaka jana zilikuwa ngapi?

Kati ya faida iliyoongezeka, kiasi gani kimetoka kwa kuuza zaidi, na kiasi gani kimetoka kwa kupandisha ada na kupunguza watu?

Bonasi ya mkurugenzi mkuu inapimwa kwa faida ya mwaka mmoja ama ya miaka mitano?

Na kama huna hisa, una NSSF na pengine una Sacco. Wana wasimamizi, nao wanaulizwa. Kwa mkutano wa Sacco usiende kungojea chai na mandazi tu.

Kampuni ikijibu vizuri, tuipongeze hadharani na tuiletee biashara. Ikikwepa, basi ile faida iliyotangazwa kwa herufi kubwa tuihesabu kama Mumias ya 2012. Ilikuwa bado inang'aa kwa karatasi, na huku shambani mkulima ameshashika jembe anang'oa miwa.